Aliyeshika Kamera

Leeds,
10 Juni 2007

Mpendwa Dada Phanice,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Mimi ni mzima, ni mgongo tu unaolalamika kwa kuwainua wazee wa watu kutoka kitandani, lakini hiyo ndiyo kazi iliyonileta. Habari za Nakuru? Mwalimu mkuu bado anakuletea barua za kupiga chapa wakati umeshafunga ofisi? Na Nafula wangu, kile kifua kimepona?

Kuna mzigo utaletewa na Owuor, kijana wa Kisumu ninayesali naye huku. Atashuka Nakuru akiwa njiani kwenda kwao. Usiufungue mbele ya watu, maana ni kamera ya video. Si ile ya kanda kama ya mpiga picha wa harusi ya binamu yetu Joash. Hii haina kanda, ina diski ndani kama kompyuta, na picha zake wanaziita HD. Muuzaji alinionyesha uso wa mtu mpaka nikaona kope moja moja. Nikaona hii ndiyo ninayoitaka.

Dada, unajua shida yangu. Nikipiga simu Nafula anapumua tu, halafu kadi inaisha. Nilimwacha akijifunza kutembea, sasa ana miaka minne na sauti yake siijui. Wakili anasema huenda mwakani nikapewa kibali cha kumleta huku. Nitamchukuaje mtoto asiyenijua? Siku nitakayofika hapo mlangoni nataka anikimbilie, asinikimbie. Kwa hiyo mrekodi akila, akicheza, akiongea, hata akigombana. Na mwonyeshe picha yangu iliyo kwenye kabati, umwambie huyu ndiye mama.

Kazi yenyewe si ngumu. Unganisha kamera na kompyuta yako kwa waya uliomo kwenye boksi, uweke ile CD, kompyuta itavuta video zote. Ukate yasiyo na maana, uchome DVD, uitume kwa posta. Email haiwezi kubeba mzigo kama huo. Wewe unayechapa kadi za harusi za mtaa mzima, hili litakushinda?

Msalimie Joash na wote wa kanisani.

Mdogo wako,
Valarie


Nakuru,
29 Julai 2007

Mpendwa Valarie,

Salamu nyingi sana. Sisi ni wazima, kifua cha Nafula kimetulia tangu baridi ipungue. Owuor alifika, akala, akalala, akala tena. Kijana mzuri, lakini huko kwenu hawamlishi.

Umesema si ngumu. Ningekuwa na nauli ningekuja huko uiseme tena ukinitazama usoni. Kompyuta yangu ilipoiona hiyo video ilikaa kimya kama mtu aliyeulizwa swali gumu mbele ya kanisa. Ikaanza kuonyesha kwa kurukaruka: Nafula ananyanyua mguu leo, anaushusha kesho. Sauti ilikuwa inamaliza maneno kabla mdomo haujafunguka. Nikaenda kwa Mayur aliyeniuzia, na unajua Mayur hana maneno ya kubembeleza. Akasema, "Mama, hii machine ni ya kuandika letter. HD ni chakula ya machine kubwa." Lakini aliniongezea memori, akaniwekea na programu ya kuzibadilisha video zipungue ukubwa kwanza. Naiacha ikibadilisha nikienda kazini, narudi naikuta bado inahema. Stima ikipotea katikati, unaanza upya. Wiki ya kwanza stima ilipotea kila siku, nikasema maneno ambayo mchungaji asiyasikie.

Sasa nimezoea. Kuna kimkasi kidogo kwenye skrini, unakiweka unapotaka, unabonyeza, kipande kinatoka na pande mbili zinaungana kama hakuna kilichokuwepo. Nakwambia ukweli, kazi hiyo ni tamu. Nimekata mbwa, nimekata jirani anayepita na taulo, nimekata kidole changu kilichoziba kioo.

DVD ndiyo hii. Utamwona akiosha vyombo, akiwakimbiza kuku wa Mama Mugure wa mlango wa pili, akiimba wimbo wa shule ya Jumapili. Upepo wa Nakuru unaujua, unavuma kwenye kamera mpaka husikii kitu, kwa hiyo nimeweka kwaya yetu juu yake. Mwisho kabisa sikuweka kwaya. Hapo amesema "Mama!" akiwa anatazama kamera. Nimekuachia hiyo kama ilivyo.

Kula vizuri, na huo mgongo uupake kitu.

Dada yako,
Phanice


Leeds,
2 Septemba 2007

Dada yangu mpendwa,

Salamu kutoka kwa mtu mwenye furaha. Mgongo haupo, umesahauliwa. Nyinyi hamjambo? Shule zimefunguliwa?

DVD ilifika nikiwa natoka zamu, nikaitazama nikiwa bado na yunifomu. Dada! Ana shingo ya Baba. Anavyoshika kikombe kwa mikono miwili ni mimi kabisa, wewe mwenyewe ulinicheka kwa hilo mpaka nikiwa darasa la sita. Na pale mwisho, "Mama!" Nimerudisha mpaka kompyuta imejua njia. Ananitazama machoni, anainua nyusi kidogo kama mtu aliyeona mgeni aliyekuwa akimsubiri, halafu anasema. Nimewaonyesha wenzangu wa kazini wote. Kuna bibi mmoja ninayemhudumia, hakumbuki hata majina ya watoto wake, lakini kila asubuhi ananiambia nimletee "yule mtoto anayekuita." Tunatazama pamoja nikimnywesha chai.

Nilikuwa nimeanza kuogopa, sikukwambia. Nilikuwa nafikiri nimemzaa mtoto na kumpoteza kwa kutafuta ada yake. Sasa nimetulia, kwa sababu ananijua.

Jambo moja tu, usikasirike. Kwaya imezidi. Ni kwaya nzuri, nimemtambua hata mwenye sauti ya nne anayepotea njia kila Jumapili, lakini sikununua kamera nimsikilize yeye. Acha upepo uvume, nitamsikia Nafula ndani yake hivyo hivyo.

Mdogo wako anayekupenda,
Valarie


Nakuru,
14 Oktoba 2007

Mpendwa Valarie,

Natumai barua hii inakukuta salama kama inavyotuacha. Huku ni mikutano ya siasa tu, vipaza sauti kutwa nzima, kila mtu anaahidi barabara. Nafula amejifunza kuinua vidole kwa vyama vyote bila ubaguzi.

DVD ya pili hiyo. Joash alikuwa na safari ya Naivasha, akatubeba, na wakati wa kurudi tukasimama Kikopey tukale nyama. Utaona moshi mwingi, usifikiri kamera imeharibika. Nafula alitafuna ubavu wa mbuzi kama mtu mzima mpaka mchoma nyama akamuuliza kama ameolewa. Kuna kipande kingine anasukwa nywele, na kingine anakataa dawa.

Kuhusu kwaya nimejaribu kupunguza, lakini kuna mahali nimeshindwa. Sauti inatangulia picha, ukisikiliza inaudhi, ni afadhali wimbo. Mayur anasema ni kompyuta kuchoka. Sasa diski yenyewe imejaa. Nilifuta michezo yote ya karata na kadi za harusi za mwaka juzi ndipo nikapata nafasi ya hiki kidogo.

Hujaniambia wakili amefika wapi. Sikuharakishi, nauliza tu. Daktari wa hapa alisema kifua chake hakipendi baridi. Huko mnapata uji wa wimbi? Na ukiwa kazini atakaa na nani? Mtu anayejua kwamba hali yai lenye kiini kibichi?

Nauliza tu.

Dada yako,
Phanice


Leeds,
20 Novemba 2007

Dada Phanice,

Salamu. Mimi sijambo, ila baridi imeanza na mikono inapasuka. Natumai nyote ni wazima na siasa haijaingia nyumbani.

Habari kubwa kwanza: kibali kimetoka. Wakili alinipigia Jumatano, nikakaa chini pale pale kwenye ngazi za kazini. Mwakani nikipata likizo nakuja kumchukua Nafula. Uji wa wimbi unauzwa huku, kwa Wahindi. Na mayai nitayachemsha mpaka yawe mawe.

La pili. Nimeitazama DVD ya Kikopey mara nyingi, halafu siku moja sauti ilikuwa imezimwa kwa bahati mbaya, nikaiacha hivyo nikawa natazama midomo. Kisha nikawasha. Dada, Nafula akifungua mdomo, kwaya inaanza. Akifunga, kwaya inashuka. Mbuzi nimewasikia, mchoma nyama nimemsikia, Joash nimemsikia akicheka, gari zinazopita barabarani nimezisikia zote. Ni upepo gani huo unaovuma mtoto akitaka kusema tu?

Sina ugomvi. Huenda anasema maneno mabaya amejifunza kwa watoto wa mtaa, nawe unaona aibu. Nitacheka, sitamchapa. Lakini nitumie video zenyewe, zile za kamera, kabla hujazipitisha mkasi. Hata zisipopendeza. Mimi nina kompyuta mpya hapa, HD haiisumbui.

Mdogo wako,
Valarie


Nakuru,
15 Desemba 2007

Mpendwa Valarie,

Salamu. Hongera kwa kibali. Mungu ni mwema.

Video ulizotaka ndizo hizi, DVD nne, hazijakatwa. Nimezinakili kutoka kwenye kamera vile zilivyo. Mambo ni mengi, shule imefungwa lakini ofisi haijafungwa, na watu wanataka kadi za Krismasi. Baada ya kupiga kura tutapumzika.

Nafula ameongezeka kimo. Viatu ulivyotuma vimeshambana.

Dada yako,
Phanice


Leeds,
13 Januari 2008

Dada yangu,

Nashukuru nilisikia sauti yako Jumapili, hata kama laini ilikatika kabla sijamsikia Nafula. Huku televisheni inaonyesha fujo za uchaguzi za Kenya kila saa na naona moto Eldoret, naona watu wamelala uwanja wa maonyesho hapo Nakuru. Tafadhali usiende sokoni peke yako. Ukiona mambo yanabadilika nenda kanisani, usingojee Joash.

Sikutaka kuandika hili wakati kama huu, lakini siwezi kuliacha. DVD nne zilifika na hazifunguki. Nimeweka moja moja. Programu inasema haioni video yoyote. Nilimpa kijana anayetengeneza kompyuta kazini, naye akasema mafaili ni makubwa, yapo, ila hayana kichwa wala mkia.

Dada, wewe ni mtu unayechapa mitihani ya shule nzima bila kukosea namba ya ukurasa. Kama hutaki nione, niambie hutaki. Usinitumie sahani tupu.

Mungu awalinde. Nibusie Nafula.

Mdogo wako,
Valarie


Nakuru,
9 Machi 2008

Mpendwa Valarie,

Nakusalimu tukiwa hai na wazima, na hiyo nimeisema kwanza makusudi. Kwenye simu sikukueleza yote, kwa sababu Nafula alikuwa amekaa mapajani mwangu anasikiliza.

Mwisho wa Januari mambo yaliharibika hapa mtaani, watu wakawa wanasakwa kwa makabila yao. Mama Mugure alikuja usiku kugonga dirisha akasema, "Phanice, toka na mtoto saa hii, usichukue kitu." Alitupitisha nyuma kwenye banda lake la kuku, na wanawe wakatusindikiza mpaka kanisani. Nilichukua mtoto na kamera. Nguo zake nilisahau, hata viatu. Watu kanisani waliniuliza mbona nimebeba kamera na sina blanketi. Humo ndani ndimo alimo tangu ana miaka minne, Valarie. Ningeiacha vipi?

Tuliporudi tulikuta mlango umevunjwa. Redio haipo, jiko la gesi halipo, mapazia hayapo. Kompyuta wameiacha mezani. Hata wezi wameona ni ya kuandikia barua. Mama Mugure ametupa sufuria na maziwa, na sasa Nafula analala na kifaranga mmoja kwenye boksi, hataki kutenganishwa naye.

Sasa hizo DVD. Naapa kwa kaburi la Mama, sikufanya makusudi. Nilipofungua diski ya kamera niliona folda ndani ya folda, nyingine zina vifaili vidogo vidogo vya majina ya ajabu, nikasema huu ni uchafu wa mashine. Nikanakili yale mafaili makubwa tu ili yatoshe kwenye DVD. Nilipomwelezea Mayur alijishika kichwa. "Mama, umetuma nyama umeacha mifupa. Itasimama namna gani?" Kumbe kamera hii ukirekodi muda mrefu inaikata video vipande vipande, na vile vifaili vidogo ndivyo vinavyosema kipi kinafuata kipi. Ukitaka kuihamisha unabeba folda nzima ya juu na kila kilichomo, hata usichokielewa. Hiyo sikuijua.

Safari hii nimebeba yote. Mayur ameiweka kwenye diski ya nje na kuifungua mbele yangu kwenye kompyuta yake ya dukani, nikaona inacheza bila kurukaruka. Dada yake Unnati, yule anayeishi Leicester, alikuja kuwaona wazazi baada ya fujo na anarudi wiki hii. Ataituma kwako kwa posta ya huko.

Sikuwa na haraka ya kuituma, nakiri. Nimekaa nayo siku kadhaa kwenye kabati. Lakini usiku ule hatukujua kama tutatoka, na nilikuwa nimemkatakata mtoto wako kama kitambaa, sehemu nzuri nikakutumia na nyingine nikazificha. Nikaona si haki.

Itazame ukiwa umekaa chini na huna zamu.

Dada yako,
Phanice


Leeds,
25 Mei 2008

Dada Phanice,

Habari za huko. Mimi ni mzima. Nisamehe kwa kimya, na kwa simu ambazo sikupokea. Sikutaka kusema lolote nikiwa na hasira.

Nilianza na ile ya kwanza kabisa, ile yenye "Mama!" Nilitaka kuiona ikiwa safi. Na ni safi kweli. Naona mvuke wa ugali. Naona kovu dogo juu ya jicho lake la kushoto ambalo hakuna aliyewahi kuniambia lilitoka wapi. Nikakusikia wewe nyuma ya kamera ukisema, "Sema hello Mama. Sema, Mama, njoo nyumbani." Nafula akainua uso, akainua zile nyusi, akasema, "Mama!" Hapo ndipo ulipoweka mkasi. Sasa ikaendelea. "Mama, weka hiyo kitu chini tukule. Chakula inapoa."

Ukamwambia, "Si mimi. Yule wa picha." Akageuka akaitazama picha yangu. Akasema, "Huyo ni Valarie." Alitamka jina langu vizuri, kama anavyolitaja la Mama Mugure.

Nilizima kompyuta nikaenda kazini. Yule bibi aliomba "mtoto anayekuita," nikamwambia kompyuta imeharibika.

Baada ya hapo nilitazama zote, moja baada ya nyingine, siku zangu zote za mapumziko. Kikopey anasema, "Mama, nipe maji." Akisukwa, "Mama, unaniumiza." Akikataa dawa, "Mama, sipendi wewe." Yote ni wewe. Kuna mahali kioo cha kabati kinakuonyesha, hukujua, video uliyoipunguza kwenye kompyuta yako ingekuonyesha kama ukungu lakini hapa unaonekana mpaka vifungo vya sweta. Umeishika kamera kifuani na hutazami kamera. Unamtazama yeye, na yeye anakukimbilia mikono imefunguka. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimepanga anikimbilie mimi. Nililia, Dada. Nilikulaani pia, kidogo, halafu nikatubu.

Nisikilize sasa. Mimi na wewe tulimwita Mama Agneta "mama" mpaka tukamzika, na Mama mzazi alikuwa hai, anasikia, hakuna aliyeona ajabu. Dada ya mama ni mama, nani asiyejua? Ungeniachia sauti yake tangu mwanzo ningesema, sawa, ndivyo inavyokuwa. Ningecheka hata. Ulipoifunika na kwaya ndipo ulipoigeuza kuwa kitu cha kufichwa, na mimi nikaonyesha watu wa nchi nyingine mapenzi yasiyokuwa yangu.

Nimejiuliza kwa nini, na nimepata majibu mawili. Moja, ulikata ili nisiumie. La pili, ulijua nikisikia hivyo sitangojea wakili wala likizo, nitapanda ndege nije kabla hajanisahau kabisa. Ulikata ili nisije. Naomba uniambie ni lipi. Sitakuchukia kwa lolote kati ya hayo.

Nakuja Agosti. Nitakaa hapo mpaka katikati ya Septemba anizoee, kisha tutaondoka naye. Usimkataze kukuita mama. Mimi sina neno juu ya hilo tena.

Mdogo wako,
Valarie


Nakuru,
6 Julai 2008

Mpendwa Valarie,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Mvua imekuwa nzuri na mji umetulia, ingawa watu wanasalimiana kwa uangalifu. Mama Mugure anakusalimia, anasema ukija usile hotelini.

Swali lako nimelisoma. Jibu ni la pili.

Sasa yafuatayo uyashike, maana ukifika kutakuwa na wageni na sitapata nafasi ya kukueleza. Kovu ni la bawaba ya mlango wa choo, aliteleza mwaka juzi, jeraha halikushonwa. Usiku mgeuze alale ubavu, akilala chali kifua kinalia. Ukimsuka anza nyuma, mbele ni mahali anapolia, kwa hiyo malizia hapo akiwa ameshachoka kubishana. Dawa mpe na asali. Akikwambia hakupendi, muulize tangu lini, atasahau alichokasirikia. Uji usiwe na vibonge. Akinyamaza ghafla mahali penye watu wengi si kiburi, ni tangu Januari, mshike tu mkono na usimuulize kitu.

Diski ya kamera sijafuta. Za kwenye kompyuta pia ninazo zote, zilizokatwa nimezitupa. Kamera chukua urudi nayo, huko ndiko atakakokuwa.

Umesema nisimkataze kuniita mama, na nimekushukuru moyoni zaidi ya ninavyoweza kuandika. Lakini nimewaza habari ya uwanja wa ndege. Pale watamsimamisha, wamuulize mama yako ni nani, naye atageuka nyuma anitafute mimi, na mimi nitakuwa upande wa pili wa kioo. Watakuuliza wewe ni nani wake. Sitaki uaibike mbele ya watu wa serikali, na sitaki aanze safari kwa kulia. Kwa hiyo nimemkalisha chini nikamwambia, mama ni yule wa picha, anakuja, na mimi ni Anti. Siku ya kwanza alicheka sana, akadhani ni mchezo, akaniita Anti akiwa amejificha nyuma ya kochi. Siku zilizofuata alikasirika. Nikiitwa mama nilikuwa namwambia, "Nani?" na nilikuwa namwambia nikiwa nimempa mgongo.

Jana nilikuwa jikoni nasonga ugali, nikasikia mtoto akiita, "Anti! Anti!" Nikaendelea kusonga. Nilidhani Mama Mugure ana mgeni, na mtoto wa huyo mgeni anamwita shangazi yake. Akaita tena, nikasema moyoni, huyo mwenye kuitwa mbona haitiki? Mpaka alipokuja mwenyewe akanivuta leso kwa nyuma, ndipo nilipojua ni mimi.

Dada yako,
Phanice